Mwalimu, Miguu Hainisikii

Kila mwaka, baridi ya Juni inaposhuka juu ya Ufipa na nyasi za uwanja kukauka, sisi walimu wa michezo hapa Mpui huwa tumeshachagua timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Nimechagua timu hizo kwa miaka mingi, za watoto wa miaka 11 hadi 14. Haya wamenifundisha wao.

1. Umri wa cheti na umri wa mwili ni vitu viwili

Nilikuwa na wavulana wawili wa darasa la sita waliozaliwa mwezi mmoja. Mmoja sauti ilikuwa imeshakuwa nzito na mabega yametanuka. Mwenzake ungemdhania wa darasa la tatu. Nilimchukua mkubwa, mdogo nikamwambia abebe maji. Akayabeba misimu miwili bila kulalamika. Alipofika kidato cha pili alikuwa amewapita wote kwa urefu, ila mpira alikwisha kuuacha. Nikikutana naye ananiamkia kwa heshima, nami najua nilichomnyima.

Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika kule Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji mmoja. Kipimo kinachotumika ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, kuona kama gegedu la ukuaji limeshageuka mfupa. Kipimo hicho hutafuta waliozidi umri. Anayechelewa kukua hana kipimo cha kumtetea. Ana mwalimu wake tu.

2. Kuna msimu mtoto hupotezwa na mwili wake

Winga wangu bora alianza kujikwaa. Pasi fupi zikampita, mpira ukawa unamgonga ugokoni. Nikamfokea kwa uzembe. Akanijibu taratibu, “Mwalimu, miguu hainisikii.”

Alikuwa amesema kweli tupu. Nyayo na miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata nyuma. Wasichana wengi hufikia kasi kubwa ya kukua wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na mvulana anaweza kuongezeka sentimita 9 kwa mwaka mmoja. Ubongo unaendelea kuiongoza miguu ya mwaka jana. Siku hizi mtoto wa namna hiyo namrudisha kwenye mambo mepesi, kutuliza mpira, kugeuka, kuruka kwa mguu mmoja, na simfokei.

3. Goti likiuma, mwamini

Uvimbe mgumu chini kidogo ya goti nilikuwa nikiuita uvivu. Madaktari wanauita Osgood-Schlatter: msuli wa paja unavuta mahali ambapo mfupa bado ni laini. Huwapata hasa wanaoruka na kukimbia sana, na watoto wetu hukimbia kwenye ardhi ngumu baada ya kutembea kutoka nyumbani. Tunapunguza kuruka na mbio mpaka maumivu yatulie. Asiyepata nafuu, au anayechechemea, aende zahanati.

4. Msichana anayetoroka mazoezi ana sababu

Mfungaji wetu wa netiboli alipotea wiki nzima. Mwalimu wa kike ndiye aliyejua: hedhi ya kwanza, na kaptula zetu zilikuwa nyeupe. Tulinunua nyeusi. Akarudi.

5. Uliza amekula nini

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, katika mkoa wetu huu unaovuna mahindi na maharage kwa wingi. Mdogo wa umbo uwanjani huenda alichelewa tangu umri huo. Kwa hiyo uji wa ulezi tunaunywa kabla ya mazoezi, na wazazi huchangia unga.

6. Weka alama ukutani

Kila muhula unapofunguliwa nawasimamisha kwenye ukuta wa stoo, bila viatu, nachora mstari wa penseli juu ya kichwa. Muhula huu mstari wa kipa wetu umepanda vidole vitatu, na mipira ya juu inamponyoka. Jina lake bado limo kwenye orodha.