Namna ya Kuchora Kibonzo cha Jikoni

Wenzangu wa bweni wamenitaka mara nyingi niwafundishe kuchora vibonzo, yaani picha za kuchekesha zenye maneno. Leo nitajaribu, ingawa somo lenyewe mimi nililipata kwa aibu.

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi, akajulikana sana katika gazeti la Taifa Leo. Tazameni jina hilo: juha ni mpumbavu, na kalulu ni sungura kwa Kinyanja, naye sungura ndiye mwerevu wa ngano zetu! Hapa Tanzania Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Baba yangu mkubwa humtaja mpaka leo.

Basi, chukua karatasi isiyo na mistari, uigawe vyumba vinne. Andika maneno kwanza kwa penseli, watu baadaye. Wengi huanza na watu, kisha maneno hukosa mahali, yakabanwa pembeni kama abiria wa daladala ya Tengeru siku ya soko. Anayesema kwanza akae upande wa kushoto, kwa kuwa ndiko msomaji anakoanzia. Chumba cha mwisho kisieleze mzaha, kiuoneshe tu. Ukimaliza, pitisha wino mweusi, ngoja ukauke, ndipo ufute penseli. Hayo ni mepesi; mtu huyajua kwa juma moja.

Lililo gumu ni hili. Muhula uliopita nilichora kisa cha fisi aliyesikia harufu ya loshoro kutoka jikoni kwa Bibi, huko Umeruni juu ya Tengeru. Kwa wageni wa Arusha, loshoro ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa mpaka yakalainika, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando. Fisi alivaa koti, akabisha hodi kama mgeni wa heshima. Sungura alikuwa nyuma ya mgomba akimchungulia. Bweni zima lilicheka, lakini niseme kweli, halikumcheka fisi. Lilimcheka Bibi, maana nilimchora na mdomo mpana usio na jino hata moja, na mgongo kama ndoana.

Wakati wa likizo mdogo wangu alilitoa daftari sandukuni akampelekea. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika.

"Mume wangu," akaniuliza, "huyu nani?"

Nikanyamaza.

"Huyu mwanamke hajui kupika. Ameshika mwiko kama kalamu."

Akanivuta mpaka mekoni, akanipa mwiko. Nilikoroga mpaka jasho likanitoka, naye ameketi kwenye kigoda akinicheka. Hapo ndipo nilipoona makosa yangu. Mwiko mkubwa hushikwa kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini, na nguvu hutoka mabegani. Mgongo hupinda kwa sababu sufuria iko chini, juu ya mafiga, na ameiinamia tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Macho nilikuwa nimemchorea makubwa. Lakini nani hufumbua macho katika moshi wa kuni mbichi? Nilikuwa nimekula jikoni mle miaka kumi na saba bila kutazama.

Nilichora upya. Safari hii Bibi anamkaribisha fisi vizuri, kisha anampa mwiko: "Mgeni, nisaidie kidogo kukoroga." Katika chumba cha tatu koti limevuliwa. Katika cha nne fisi amelala chali, ulimi nje, hana nguvu hata ya kuinua bakuli, na sungura anakula pamoja na Bibi.

Nilimpelekea kwa woga. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Halafu akauleta ukurasa karibu na macho, akakunja uso.

"Mbona umenipa meno?"

Nilikuwa nimemwekea meno yote, meupe, kwa kuomba radhi.

"Yatoe," akasema. "Watu watadhani ni mtu mwingine."

Wino ulikuwa umekwisha kukauka, na raba haiuwezi. Nikatafuta wembe, nikayakwangua moja moja, polepole karatasi isichanike, naye amesimama nyuma yangu akihesabu.