Kufuma kumeanza kunichosha

Swali: Nipo Njombe. Nilipenda sana kufuma, lakini tangu majirani waanze kuniagizia masweta ya watoto, nikishika sindano nachoka. Nifanyeje?

Jibu: Pole, dada. Punguza oda, na kikapuni iwepo kazi yako mwenyewe isiyodaiwa na mtu.

Kingine kinachoua hamu ni kufumua. Ili usifumue, kwanza fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kilaze kikauke, kisha hesabu vitanzi kwenye sentimita 10 za katikati. Ukipata 22, na mzunguko wa sweta ni sentimita 70, anza na vitanzi 154. Mikono ifume yote miwili pamoja, kila mmoja na donge lake la uzi. Ukimaliza mmoja kwanza, wa pili utauahirisha tu.