Mgandamizo Hafifu katika Injini ya Tabo Iliyoundwa Upya

Gari linapotoka karakana baada ya injini yake kufumuliwa na kuundwa upya, mwenyewe hutazamia kwamba nguvu zake zimerudi kama zilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, vali zimesagwa, na gasketi zote zimebadilishwa. Kisha geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi, na mshale wake husimama chini ya pale ulipotarajiwa. Hapo huzuka swali lenye gharama: je, injini ifumuliwe tena, au iachwe itembee? Ikifumuliwa pasipo sababu, gasketi mpya zimekwisha kazi na fedha zimepotea bure. Ikiachwa ilhali ina kasoro, injini yenye tabo, ambayo hulishwa hewa kwa nguvu, huharibika mapema kuliko injini ya kawaida.

Geji ya kompresheni hupima jambo moja tu, nalo ni shinikizo la juu kabisa la hewa iliyonaswa juu ya pistoni wakati injini inapozungushwa na stata. Haisemi hewa imepotelea wapi. Tena, shinikizo hilo hutegemea kwanza umbo la injini, ndipo hutegemea uzima wake. Na hili ndilo linalosahauliwa mara nyingi katika injini za tabo.

Mfano ulio karibu ni injini ya Subaru aina ya EJ20 yenye tabo, ambayo mafundi wengi wa Kenya na Tanzania wameizoea. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 92, na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Hivyo kila pistoni hufagia ujazo wa sentimita za ujazo 499 hivi. Katika zile zilizoundwa kwa uwiano wa mgandamizo wa 8 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa kileleni ni sentimita za ujazo 71. Kama uwiano ungekuwa 10 kwa 1, kama ulivyo katika injini nyingi zisizo na tabo, nafasi hiyo ingekuwa 55 tu. Waundaji wameiacha kubwa kwa makusudi. Tabo, yaani pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi, huisukuma hewa ndani ya silinda ikiwa imekwisha kubanwa na kupata joto; ikibanwa tena kupita kiasi, petroli hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia, na pistoni huweza kuvunjika. Kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilipouza gari la Jetfire mwaka 1962, lenye tabo pamoja na uwiano wa 10.25 kwa 1, ilibidi injini inyunyiziwe mchanganyiko wa maji na pombe ya methili ili kuipoza. Mchanganyiko ulipokwisha tangini, kilango cha pili kilipunguza hewa, na nguvu za gari zikapungua.

Wakati wa kupima, tabo imelala. Stata huizungusha injini kiasi cha mizunguko mia mbili hivi kwa dakika, na hakuna moshi wa kulizungusha pangaboi. Kwa hiyo msaada wake haumo kabisa katika kipimo. Kwa hesabu tupu, hewa iliyobanwa mara 8 bila kupoteza joto ingefikia shinikizo la mara 18 ya hewa ya nje, na iliyobanwa mara 10 ingefikia mara 25. Geji haifiki huko, kwa sababu kuta baridi za silinda hunyonya joto, na vali ya kuingiza hewa hufunga pistoni ikiwa imekwisha kuanza kupanda. Hata hivyo kadiri hiyo hubaki takriban vile vile: anayelinganisha injini hii na ya jirani isiyo na tabo ataona upungufu wa robo hivi, na hakuna kilichoharibika.

Mwinuko wa mahali nao una sehemu yake. Jijini Nairobi, palipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini iliyoonyesha kilogramu 10 kwa kila sentimita mraba Mombasa itaonyesha 8 na kitu ikipimwa Nairobi. Kitabu cha mwundaji hakikuandikwa kwa ajili ya milima, na tarakimu zake zapaswa kupunguzwa kwa kadiri hiyo kabla ya mtu kulaumiwa.

Upimaji wenyewe ukiwa mbovu, hoja zote zinazofuata ni bure. Betri iwe imejaa. Plagi zote zitolewe. Umeme wa plagi na petroli vikatwe. Kilango cha hewa kifunguliwe hadi mwisho. Kilango kikisahauliwa, silinda hukosa hewa na zote huonekana dhaifu. Kila silinda ipewe mapigo sawa, matano au sita, na pigo la kwanza liandikwe pamoja na la mwisho.

Baada ya hapo tarakimu zisomwe kwa pamoja, si moja moja. Na ichukuliwe kwamba silinda nne za injini hiyo zimeonyesha, kwa mfuatano wa namba zake, 6.0, 9.4, 6.2 na 9.5. Mtu mwenye haraka atasema ringi za silinda mbili zimevunjika. Lakini injini hii imelala ubavu: silinda namba 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili, na kila upande una kamshafti zake mbili, zote zikivutwa na mkanda mmoja wa taimingi. Ringi kuvunjika katika silinda mbili za upande mmoja tu, kwa kiasi kinachokaribia kulingana, ni jambo la nadra. Yamkini zaidi ni kwamba gasketi inavujisha kati ya silinda hizo mbili, au kwamba mkanda uliruka jino ulipofungwa, kamshafti ya vali za kuingiza ikachelewa, na pistoni ikawa inairudisha hewa nje kabla vali hazijafunga.

Mambo hayo mawili hutenganishwa kwa hewa ya kompresa. Pistoni huwekwa kileleni katika pigo la kubana, vali zote zikiwa zimefungwa, kisha hewa huingizwa kupitia tundu la plagi na kusikilizwa inakotokea. Ikitoka kwenye tundu la plagi la silinda jirani, gasketi imepatikana. Ikiwa haivuji popote kwa kiasi cha kutia shaka, ilhali geji ilikuwa chini, basi silinda inaziba vyema na kosa ni la majira ya vali: hata mkanda ukiruka jino moja, vali huwa zimefunga pistoni ikiwa kileleni, na kwa hiyo kipimo hiki hakioni kosa ambalo geji imeliona. Tofauti hiyo kati ya vipimo viwili huokoa kazi ya siku kadhaa, kwani mkanda hurekebishwa bila kuitoa silinda hedi. Injini isizungushwe zaidi kabla ya alama zake kukaguliwa, maana vali zaweza kugonga pistoni au kugongana zenyewe.

Hewa hiyo si ya kuchezewa. Uso wa pistoni ya milimita 92 una eneo la sentimita mraba 66. Hewa ya kilogramu 6 kwa kila sentimita mraba huusukuma kwa nguvu ya kilogramu 400 hivi. Spana iliyosahauliwa kwenye boliti ya krankishafti yaweza kuuvunja mkono.

Mlio ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, hewa inapita kando ya ringi. Mapovu katika rejeta yaonyesha gasketi au ufa. Mlio wa upande wa ekzosi au wa kuingizia hewa ni wa vali, ila katika gari la tabo mabomba marefu na pangaboi lenyewe huuficha; hufaa bomba lifunguliwe karibu na injini. Vali zinazovuja katika injini mpya mara nyingi hazina ubaya wowote ila kwamba zimesagwa. Kila usagaji huizamisha vali kitini kidogo, na mkia wake huchomoza zaidi upande wa kamshafti. Nafasi iliyoachwa kati yao isipopimwa upya, vali hubaki wazi kwa unywele.

Mafundi wengi hutumia njia ya kutia oili silindani: geji ikipanda, ringi ndizo zenye lawama. Njia hiyo ni nzuri ikitumiwa kwa kiasi. Sentimita za ujazo 10 za oili hupunguza nafasi ya 71 kuwa 61, na uwiano wa 8 huwa 9.1; mshale utapanda hata kama ringi ni nzima. Kijiko kidogo kimoja chatosha. Na katika injini iliyolala, oili hutuama upande wa chini wa silinda na kuuacha wa juu mkavu, basi jibu lake lisiaminiwe peke yake.

Pakiwa na upungufu mdogo unaolingana katika silinda zote, na hewa ikivuja kidogo tu kupitia ringi, injini isifumuliwe. Ringi mpya bado hazijakaa. Huenda pia kuta zimeoshwa na petroli baada ya stata kupigwa mara nyingi bila injini kuwaka. Ringi hukazwa ukutani na gesi inayopenya nyuma yake, na gesi hiyo huwa na nguvu injini inapobeba mzigo. Kuiacha ingurume kwa saa nyingi bila mzigo, kama wengi wafanyavyo kwa huruma, huzing'arisha kuta kama kioo, na ringi hazikai tena. Mwendo wa wastani wenye kupanda na kushuka, tabo ikiwa haijasukumwa hadi mwisho wake, hufaa zaidi, kisha vipimo vyote virudiwe.

Katika muda huo moshi wa buluu uangaliwe. Oili ya tabo hurudi kwenye injini kwa kuteremka yenyewe bombani. Gesi ikipita kwa wingi kando ya ringi, shinikizo ndani ya tumbo la injini huizuia, nayo hutafuta njia kupitia mihimili ya pangaboi hadi kwenye ekzosi. Tabo nyingi hubadilishwa kwa moshi wa namna hii, na ile mpya nayo hufuka moshi ule ule siku ya kwanza.