Rangi Inabanduka? Tafuta Kwanza Maji Yanakotoka

Kila masika yakiisha, wenye nyumba humiminika madukani kuuliza ni rangi gani haibanduki. Mara nyingi tatizo haliko kwenye ndoo, liko ukutani. Fundi wetu wa rangi anajibu maswali anayokutana nayo sana kazini.

Nyumba yangu imepigwa plasta wiki iliyopita na nataka kuhamia mwisho wa mwezi. Naweza kupaka rangi sasa?

Hapana, subiri. Plasta ya saruji ipewe walau wiki nne, na zaidi kama ni msimu wa mvua au nyumba haipitishi hewa. Kuna maji yanayotakiwa kutoka, halafu kuna ukali wa saruji yenyewe. Saruji mbichi ina alkali kali, pH yake ni kati ya 12 na 13, na ndiyo inayochubua vidole vya mafundi. Rangi ya mafuta ikikutana na alkali hiyo pamoja na unyevu, mafuta yake hugeuka kama sabuni, ikanata kisha ikabanduka. Rangi ya maji nayo huchuja na kutoka mabaka. Kama kodi ya unakoishi imekubana, hamia ukuta ukiwa mtupu na uache madirisha wazi mchana. Rangi itafuata.

Nitajuaje kwamba ukuta umekauka? Kwa macho naona umeshakuwa mweupe.

Uso wa plasta hukauka kabla ya ndani. Chukua kipande cha nailoni inayoonyesha, upana na urefu kama sentimita 45, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa. Kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta chini ya nailoni umekoza kuliko pembeni, bado. Pima karibu na sakafu, kwenye ukuta unaopakana na bafu, na katikati ya ukuta. Sehemu moja ikifeli, subiri.

Fundi wangu anasema praima ni kupoteza hela.

Plasta mpya ina kiu. Ukiipaka rangi nzito moja kwa moja, maji ya rangi hunyonywa kabla haijashika, na juu hubaki ngozi inayotoka kwa ukucha. Tumia praima ya ukuta inayohimili alkali. Mfuko ukiwa mwembamba, zimua mkono wa kwanza wa rangi ya maji isiyong'aa, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo. Baada ya hapo paka mikono miwili isiyozimuliwa, na usikubali maji yaongezwe mwishoni ili rangi itoshe.

Kabla ya yote, pitisha kiganja ukutani. Kikirudi na unga, piga msasa mwepesi, fagia, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha uache ukuta ukauke.

Kuhusu kiasi, lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita 38 za mraba. Mikono miwili itakula karibu lita 8.

Naishi Kigamboni. Rangi inabanduka sehemu ya chini tu, mpaka usawa wa kiuno. Nimepaka upya mara mbili, inarudi palepale.

Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Huenda karatasi ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanayoiita DPC, haikuwekwa juu ya msingi, au udongo wa nje umejazwa ukaipita. Pwani kuna la ziada: plasta ikichanganywa kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi, chumvi hiyo hubaki ndani ya ukuta. Unyevu huibeba hadi juu, maji yanakauka, chumvi inaganda chini ya rangi na kuisukuma.

Anza nje. Shusha udongo, hamisha bustani, rekebisha mfereji, ziba bomba linalovuja. Kisha vunja plasta iliyooza mpaka kwenye tofali, ukivuka eneo bovu kwa kama sentimita 30, upige nyingine kwa mchanga safi na maji baridi. Unga mweupe wa chumvi usiuoshe, kwani maji huuyeyusha na kuurudisha ndani. Uondoe kwa brashi kavu. Usifunike kwa rangi ya mafuta, maana unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi.

Yangu inatoka kama maganda makubwa. Nianzie wapi?

Okota ganda moja uligeuze. Mgongo ukiwa safi na rangi ya zamani imebaki ukutani, rangi mpya ilipakwa juu ya uso uliong'aa au wenye mafuta, bila msasa. Ukiwa na unga mweupe, skimu, lile tabaka laini linalopakwa juu ya plasta, ndiyo iliyoachia. Skimu ya jipsamu hulainika ikipata maji, kwa hiyo haifai bafuni wala ukuta wa nje. Ukiwa na chembe za mchanga, plasta yenyewe haina nguvu, na hapo hakuna rangi itakayokuokoa.

Ukishajua, kwangua mpaka pale ambapo rangi haitoki tena, lainisha kingo kwa msasa, jaza mashimo, paka praima, ndipo upake rangi. Kwenye nyumba ya zamani, rangi ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Lowesha kabla ya kusugua, vaa barakoa, watoto wasiwepo.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni ya mawe na chokaa. Tupake rangi ya plastiki?

Msiipake. Kuta hizo huingiza unyevu na kuutoa. Saruji na rangi ya plastiki huziba njia, na ukuta unaanza kuoza kwa ndani. Tumieni plasta ya chokaa na kupaka chokaa, kama walivyofanya waliozijenga. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, hivyo ombeni kibali kabla ya kugusa ukuta wa nje.

Neno la mwisho kwa mwenye nyumba?

Fundi akikupa bei ya rangi bila kukagua paa, mabomba na msingi, mshukuru na utafute mwingine.