Tiba ya Mbali: Simu au Mkoba?

Hapa Umoja kila mtu anasema kwamba karibuni tutatibiwa kwa simu. Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi hebu tuangalie vilivyoundwa.

Tiba ya mbali ni mgonjwa kuwa pahali pamoja na daktari pengine, wakawasiliana kwa mitambo. Wengi wenu mnadhani ililetwa na intaneti. La hasha! AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka wa 1957, lilikuwa na redio za mawasiliano tangu miaka ya 1960. Muuguzi wa zahanati ya mbali aliita Nairobi, akaeleza dalili, naye daktari akamwelekeza la kufanya au ndege ikatumwa. Angalieni vizuri: redio haikumpima mtu joto. Aliyempima ni muuguzi.

Mwaka wa 2015 Hospitali Kuu ya Kenyatta iliunganishwa kwa video na ile ya Machakos. Kisha mwaka wa 2023 ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali, na mwaka huo huo wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wakaanza kupewa simu na mikoba yenye kipima presha na kipima sukari.

Kwangu mimi mkoba huo unaishinda video. Nyanya yangu anaishi nje ya mji wa Mwingi na ana presha. Siku ya kliniki ikikaribia hupanda basi hadi Nairobi, alale kwetu, apange foleni tangu alfajiri, halafu aambiwe, "Endelea na dawa zile zile." Nauli imekwenda! Simu yake ni mulika mwizi. Hata nikimnunulia ile kubwa, daktari ataionaje presha kwenye kioo? Lakini mhudumu wa kijijini akimpima nyumbani na kuzituma nambari, daktari ataamua kama aje au asije.

Hapo ndipo ninapokosana na marafiki zangu wa klabu ya kompyuta. Mkoba nao una mambo yake: betri huisha, vijikaratasi vya kupimia sukari huisha, na mhudumu mwenyewe hangoji shukrani tu, ana watoto wa kulisha.

Naomba mdahalo wa muhula ujao uwe huu: pesa zinunue mitambo ya video kwanza, au zijaze mikoba? Mimi niandikeni upande wa mikoba.