Vipimo 100 Si Watu 100

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu utafiti uliorudishwa, vuta kiti tuzungumze. Umewapima wagonjwa 20 uzito na presha, kila mmoja mara tano, ukapata vipimo 100. Ukavitia vyote kwenye Excel na kutafuta uhusiano wa Pearson. Msimamizi wako hakukuonea. Hesabu hiyo huchukulia kila kipimo kimetoka kwa mtu mwingine kabisa, na wewe watu wako ni 20 tu.

Kwanza amua unauliza nini. Je, wenye uzito mkubwa wana presha kubwa kuliko wenye uzito mdogo? Au mtu yuleyule uzito wake ukipanda, na presha yake hupanda? Majibu ya maswali haya mawili yanaweza hata kupingana. Wachapaji wenye kasi mara nyingi ndio wenye makosa machache, lakini mharakishe yeyote kati yao uone makosa yanavyoongezeka.

Mwaka 1995 wanatakwimu Bland na Altman walilionyesha hili katika jarida la BMJ kwa watu 8 waliopimwa mara 47 kwa jumla, pH na kabonidayoksaidi. Vipimo vyote vikichanganywa, uhusiano ni -0.07, kana kwamba hakuna kitu. Ukiangalia mabadiliko ndani ya kila mtu, unakuwa -0.51. Ulikuwepo muda wote, umefunikwa na tofauti za mtu na mtu.

Kwa swali la pili, ambalo naamini ndilo lako, tumia rmcorr, yaani uhusiano wa vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yuleyule. Jonathan Bakdash na Laura Marusich waliieleza katika makala yao ya mwaka 2017. Ni ya bure na hufanya kazi ndani ya R, programu ya takwimu. Kama R inakutisha, wametengeneza pia rmcorrShiny ya mtandaoni: unapakia faili lako, unachagua safu ya wagonjwa na safu mbili za vipimo, inakuchorea grafu, kila mgonjwa na rangi yake. Kila kipimo kikae kwenye mstari wake, na namba ya mgonjwa ijirudie mara tano. Namba, mpenzi, si jina! Siri za wagonjwa hazipakiwi mtandaoni. Kama faili lina chochote cha kuwatambulisha, fanyia kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Itazame grafu kabla ya kuifurahia namba. Rmcorr huwapa wagonjwa wote mteremko mmoja. Ukiona wengine wanapanda na wengine wanashuka, namba moja haiwatoshi. Mwombe msimamizi akuelekeze kwenye modeli za ngazi nyingi. Na hata uhusiano ukiwa mkubwa, usiandike kwamba uzito ndio uliosababisha presha.

Kwenye ripoti weka r, mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95, na digrii za uhuru: wagonjwa 20 mara 4 (vipimo 5 toa 1), kisha toa 1, yaani 79. Ukiona umeandika 98, ujue umerudi kwenye Pearson.