Taa za Motokari ya Telekomandi

Motokari za kuchezea ziendeshwazo kwa telekomandi mara nyingi hazina taa. Mchana si kitu. Jioni mtoto haioni tena, nayo yagonga ukuta. Basi ataka kuitilia taa nne: mbili nyeupe mbele, mbili nyekundu nyuma. Zifaazo ni zile ndogo ziitwazo ledi, ambazo ukubwa wake ni kama punje ya mahindi.

Ledi si kama ampuli ya tochi ya zamani. Ndani ya ampuli mna uzi mwembamba wa madini. Uzi ule ukipata moto huzidi kuuzuia umeme, na hivyo hujilinda. Ledi haina uzi. Ina kipande kidogo sana kinachotoa nuru umeme unapokipitia, nacho hakijui kujizuia. Ledi nyekundu yatosheka kwa volti 2 hivi, nyeupe kwa volti 3 hivi. Zikizidi, umeme hufurika kama mto uliobomoa ukingo: taa yang'aa sana mara moja, kisha yafa. Haitengenezeki, na fedha iliyoinunua imepotea.

Tuseme motokari ina mawe manne ya tochi yaliyofuatana. Kila jiwe lina volti 1,5; yote pamoja ni volti 6. Hizo zingeua ledi zote. Kwa hiyo mbele ya kila ledi hufungwa rezistansi, kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, kinachoupunguza umeme.

Rezistansi gani? Ledi ndogo yataka miliampere 20, ndiyo ampere 0,02. Volti zilizozidi zagawanywa kwa hesabu hiyo. Nyeupe: 6 – 3 = 3; 3 : 0,02 = 150. Yahitaji omu 150, yenye mistari ya kahawia, kijani, kahawia. Nyekundu: 6 – 2 = 4; 4 : 0,02 = 200. Ikikosekana ya 200, ile ya 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia) yafaa. Nuru itapungua kidogo tu.

Wengine, kwa uvivu, hufunga rezistansi moja kwa taa zote nne zilizounganishwa kando kwa kando. Hapo ledi nyekundu hunyakua umeme, na nyeupe zabaki giza.

Mguu mrefu wa ledi huelekea upande wa +, mfupi upande wa –. Ikigeuzwa, haiwaki.

Sasa umeme uchotwe wapi? Mtoto huziona kwanza nyaya mbili za moteri. Si mahali pazuri. Motokari ikisimama, moteri haipati umeme, na taa zazimika. Ikirudi nyuma, umeme wa moteri wageuka njia, na ledi haziwaki. Bora uchotwe kwenye mawe, lakini baada ya kitufe cha kuwashia. Taa nne zatumia miliampere 80 tu. Moteri hula zaidi.

Kabla ya kufunga waya wowote, mawe yaondolewe. Kila kiungo kifunikwe kwa utepe wa umeme, kwa maana nyaya mbili tupu zikigusana, mawe hupata moto na kuharibika.

Maulizo: Motokari nyingine ina mawe manne ya kuchaji, kila moja volti 1,2. Ledi nyekundu itahitaji rezistansi ya omu ngapi? Na ledi nyeupe?